Mtoto wa miaka 13 hapati usingizi kwa sababu ya simu: huu ni uraibu, au kuna jambo jingine tunalolibandika jina hilo?

#1 BabaWawili
Habari za usiku wakuu. Nina kijana wa miaka 13 aliyemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba. Likizo ile ndefu ya kusubiri kidato cha kwanza ilinikuta sina mpango wowote wa maana, nikampa simu janja yangu ya zamani ili ajifunzie Kiingereza cha sekondari. Huu ni mwezi wa tatu sasa. Mtoto aliyekuwa akiamka alfajiri kumwagilia mchicha wa mama yake anaamshwa saa nne, anakaa mbele ya kikombe cha uji mpaka uji unaweka utando, huku kidole gumba chake kikiteleza juu ya kitambaa cha meza kama vile meza nayo ina kioo. Nikimnyang'anya simu analia, na kilio chenyewe si cha kudeka, kwa maana mikono inamtetemeka. Mke wangu anasema tumeshafuga teja ndani ya nyumba. Kaka yangu anasema ni balehe tu na itapita. Naomba wenye ujuzi waniambie: huu unahesabiwa kuwa uraibu wa intaneti, na je, akili ya mtoto inaweza kudhurika kweli au tunatiana hofu?

#2 Mpitanjia
Mkuu, kabla hatujaenda mbali, Kiingereza kimefikia wapi?

#3 Muuguzi wa Zamu
Pole, BabaWawili. Mimi ningeanza na usingizi kabla ya kulitaja neno uraibu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Anapoingia balehe, homoni ya melatonini inayouambia mwili kwamba usiku umefika huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko ilivyokuwa utotoni, kwa hiyo hata bila simu angechelewa kusinzia. Ukiongeza mwanga wa kioo usoni na video inayofuatwa na video nyingine, muda wa kulala unasogezwa mpaka usiku wa manane. Mtoto anayelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku tisini mfululizo, atakuwa na hasira, atalia upesi, hatakula vizuri na atasahau alichotumwa dukani. Hizo ni dalili zile zile ambazo watu huzitaja wanapozungumzia uraibu. Rudisha usingizi kwanza, kisha mtazame tena baada ya wiki mbili au tatu. Nimefanya zamu za usiku miaka kumi na moja na ninajua binadamu asiyelala anavyogeuka kuwa mtu mwingine, awe na simu au asiwe nayo.

#4 Mwalimu Mstaafu
Naheshimu maelezo ya Muuguzi, lakini tusizunguke mbuyu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza mwaka 2019 kwamba uraibu wa intaneti ni ugonjwa. Ugonjwa ni ugonjwa. Baba ampeleke mtoto hospitali na simu ivunjwe.

#5 Binti Sauda
Mwalimu, shikamoo. Niruhusu nirekebishe hapo, kwa sababu kosa hilo linarudiwa sana. Kilichoingizwa katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ni tatizo la kucheza michezo ya kidijitali, yaani gemu. Intaneti kwa ujumla wake, mitandao ya kijamii na kutazama video havimo kama ugonjwa unaojitegemea. Hata kwa hizo gemu, masharti ni magumu: mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu ziwe zimetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha yake, na aendelee kucheza ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo inatakiwa iwe imedumu angalau miezi 12. Kijana wa BabaWawili ana miezi mitatu, na baba yake hajatuambia hata kama anacheza gemu.

Wamarekani katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 waliyaweka matatizo ya gemu za mtandaoni kwenye sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Na jambo litakalomfurahisha Mpitanjia: jina lenyewe la ugonjwa wa uraibu wa intaneti lilianza kama mzaha. Mwaka 1995 daktari wa akili wa Marekani, Ivan Goldberg, aliandika dalili za kubuni ili kuwacheka wenzake wanaogeuza kila tabia kuwa maradhi, na watu wakaanza kumwandikia wakisema wanaumwa. Baadaye kidogo mwanasaikolojia Kimberly Young akalichukua kwa uzito na kutunga kipimo cha maswali 20 ambacho kingali kinatumika hadi leo.

#6 Mwalimu Mstaafu
Marahaba, binti. Nimekubali kurekebishwa kuhusu orodha. Kuhusu kuvunja simu sijarudi nyuma.

#7 Fundi wa Kariakoo
Wazee wa kuvunja simu, endeleeni, mnanilipia kodi ya fremu. Kila Jumatatu naletewa simu mbili tatu zilizobamizwa ukutani mwisho wa wiki, na anayezileta ni mzazi yule yule aliyezibamiza, kwa sababu namba ya benki na ya vikoba imo humo humo.

Sasa niseme la maana. BabaWawili, mtoto wako anatumia bando gani? Nauliza kwa sababu wengi wenu mnajadili akili ya mtoto na kuisahau bei. Bando la usiku, lile linaloanza saa sita na kwisha alfajiri, linauzwa kwa bei ya chini na linatoa data nyingi kuliko la mchana. Mtoto mwenye shilingi mia tano za kuokoteza hawezi kununua mchana. Anasubiri saa sita. Nimeona simu za wanafunzi ambazo saa ya kengele imetegwa saa sita kamili, kila siku, na haikutegwa kwa ajili ya kusoma. Kampuni inapouza usiku kwa rahisi, anayekesha ni yule asiye na hela, na mara nyingi huyo ni mtoto.

Halafu kuna namna programu zenyewe zilivyotengenezwa. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, unabofya kwenda wa pili. Mwaka 2006 mbunifu wa programu, Aza Raskin, akabuni ukurasa usiokwisha, unaojaza chini kila unapousogeza juu, na baadaye yeye mwenyewe akaeleza hadharani kwamba anajutia. Mtu mzima anashindwa kuacha, je, mtoto?

#8 Binti Sauda
Fundi ameeleza vizuri kuliko vitabu vyangu. Niongeze kwamba siri iko kwenye kutojua kitakachofuata. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwahi kuonyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa kubahatisha hudonoa kitufe kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko anayepata kila mara. Video tisa ni za kuchosha, ya kumi inachekesha, na ile ya kumi ndiyo inayomshika. Kwa kijana mambo ni mazito zaidi, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kujizuia huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, wakati ile inayotafuta raha imekwisha kuamka.

#9 Mkongwe wa Takwimu
Naomba kuwa mtu wa kuharibu harusi. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani. Waligundua kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza asilimia 0.4 tu, kwa kiwango cha juu kabisa, ya tofauti za ustawi wa akili kati ya kijana mmoja na mwingine. Kwa kulinganisha walitazama vitu vingine vilivyokuwamo katika takwimu hizo hizo: kula viazi mara kwa mara kulihusishwa na ustawi mdogo kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, na kuvaa miwani kulizidi. Hakuna aliyeanzisha uzi wa kupiga marufuku miwani. Kila kizazi kina kitu chake cha kulaumu. Sisi tuliambiwa video za kareti kwenye mabanda zitatufanya wahuni.

#10 Mpitanjia
Mkongwe, na wengine kweli ziliwafanya. Nawajua kwa majina.

#11 Mama Naima
Asalaam aleykum. Ndugu Mkongwe, wastani wa mvua wa mkoa mzima haumwambii mwenye shamba la bondeni kama mpunga wake umesombwa. Mimi binti yangu ana miaka 12, tuko Unguja. Gemu hazijui. Yeye ni picha. Alikuwa akipiga picha thelathini, anachagua moja, anaiweka, kisha anaanza kuhesabu waliopenda. Siku moja nilimkuta chooni amejifungia, amekata nywele za mbele kwa mkasi wa ushonaji kwa sababu mtu asiyemjua ameandika kwamba ana kipaji cha uso kama uwanja wa ndege. Tangu siku hiyo alianza kuvaa ushungi hata chumbani peke yake. Hilo halikuwamo kwenye asilimia 0.4?

Huyo huyo Orben uliyemtaja, mwaka 2022 yeye na wenzake walitoa kazi nyingine kwa takwimu za Uingereza wakionyesha kwamba kuna umri ambao mitandao ya kijamii huonekana kugusa zaidi: wasichana kati ya miaka 11 na 13, wavulana kati ya 14 na 15, kisha tena karibu na miaka 19. Nilipousoma muhtasari wake nilimtazama binti yangu nikaona yumo katikati kabisa.

#12 Mkongwe wa Takwimu
Dada Mama Naima, pole sana kwa hilo, na umenijibu vizuri. Naongezea uzito upande wako ili nisionekane mbishi: ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti mwaka 2024 iliyowahusu vijana wa miaka 11, 13 na 15 katika nchi na maeneo 44, na wale wenye matumizi ya mitandao ya kijamii yaliyopita kiasi walikuwa asilimia 11 mwaka 2022, kutoka 7 mwaka 2018. Wasichana walikuwa 13, wavulana 9. Hata hivyo nang'ang'ania jambo moja: kilichomuumiza binti yako ni tusi la mtu. Tusi hilo likiandikwa ukutani mwa madrasa lingeuma vile vile.

#13 Mama Naima
Ukuta wa madrasa haulali naye kitandani, kaka.

#14 Aliyewahi Kuzama
Nina miaka 22 sasa. Nikiwa na miaka 14 nilikuwa nikishinda kwenye banda la gemu mtaani, unalipia kwa mechi, baadaye nikahamia kwenye simu ya dada. Niliiba hela ya luku mara mbili tukalala giza. Wazazi walinipeleka kwa mchungaji, kwa mjomba mwanajeshi, na mwisho nikapelekwa bweni. Kila mmoja aliniuliza kwa nini napenda gemu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sitaki kuwa nyumbani. Wakati ule baba na mama walikuwa wakigombana kila usiku baada ya saa tatu, na vipokea sauti vya masikioni vilikuwa ndio mlango pekee niliokuwa na uwezo wa kuufunga. Walipotengana na nyumba ikatulia, nilicheza miezi michache zaidi, kisha nikaacha bila dawa wala fimbo. Simaanishi kwamba nyumbani kwa BabaWawili kuna ugomvi. Nasema tu kwamba kwangu gemu zilikuwa mwavuli, na wazee walikuwa wanapigana na mwavuli huku mvua inanyesha.

#15 Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Lakini si kila mwenye mwavuli ana mvua. Nimefundisha watoto waliotoka katika nyumba tulivu kabisa, wenye baba na mama na chakula, wakawa hawawezi kumaliza kurasa mbili za hadithi bila kupapasa mfuko.

#16 BabaWawili
Wakuu, ahsanteni. Kuna jambo limetokea. Baada ya kusoma alichoandika Fundi nilikwenda kutazama, na kweli kengele imetegwa saa sita kasoro dakika tano. Jana nilikaa macho. Ilipofika saa sita nilisukuma mlango taratibu nikamkuta chini ya shuka, simu ikiwa kwenye chaji, waya umepata moto mpaka unanuka. Sikugomba. Nilikaa kitandani nikamwomba anionyeshe anachofanya.

Hakukuwa na gemu wala video chafu nilizokuwa nikiziogopa. Ni kundi la wenzake wa darasa la saba, watoto 31, na wote huingia saa sita kwa sababu ndipo wanapoweza kununua bando. Mmoja amekwenda kwa bibi yake Kibondo, mmoja anauza maji stendi, wengine watapangiwa shule za mbali. Wanatumiana sauti, wanataniana, wanabishana mpira, wanaulizana nani kapangiwa wapi. Mtoto wangu ndiye kiongozi wa kundi. Aliniambia, "Baba, nikikosa usiku mmoja sielewi wanachocheka kesho yake." Alipokuwa shuleni alikuwa kimya kiasi cha walimu kulalamika. Sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa jana.

#17 Muuguzi wa Zamu
Baba, kundi ni zuri na saa ni mbaya. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Mnunulie bando la mchana uone kama usiku utapungua.

#18 Fundi wa Kariakoo
Atamnunulia yeye, na wale thelathini je? Baraza litaendelea kukaa saa sita, na mwenyekiti atakuwa amelala.

#19 Mzee wa Muscat
Huku Ghuba tuna watoto wenye data isiyokwisha usiku na mchana, na wanakesha vile vile, kwa hiyo hoja ya bando haielezi kila kitu. Nadhani serikali ziingie kati. China tangu mwaka 2021 imewaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Australia imepitisha sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na imeanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Sisi tunaishia kukataza simu shuleni halafu mtoto anarudi nyumbani kwenye simu tatu.

#20 Binti Sauda
Mzee wangu, nakubaliana na nia, lakini usiisahau Korea Kusini. Mwaka 2011 waliweka sheria ya kuwafungia gemu za mtandaoni walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakatumia utambulisho wa wazazi wao, kisha wakahamia kwenye gemu za simu ambazo sheria haikuzigusa, na mwaka 2021 serikali yenyewe ikatangaza kuifuta.

#21 Kijana wa Kisauni
Na ile miaka 13 ambayo mitandao mingi inaiweka kuwa umri wa kujiunga, ni madaktari walioipanga?

#22 Mkongwe wa Takwimu
Hapana. Inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayohusu ukusanyaji wa taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 mtandaoni. Ni sheria ya faragha. Haikupima akili ya mtoto, na mtoto wa miaka 10 anaipita kwa kuandika tu kwamba amezaliwa mwaka mwingine.

#23 Kijana wa Kisauni
Shukrani. Basi niseme la huku Mombasa. Uwanja tuliochezea mpira tukiwa wadogo sasa una ghorofa na ukuta wenye vigae vya chupa. Mamangu alikuwa akituita Magharibi tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mdogo wangu ana miaka 13 na akitoka nje anaambiwa kuna wahuni, akibaki ndani anaambiwa simu imemteka. Mnamtaka akae wapi?

#24 Mama Naima
Hilo la uwanja ni kweli, lakini wasichana hata wakati uwanja ulipokuwapo hatukuitwa kucheza. BabaWawili, nakuomba usilichukulie kundi lile kama jibu la mwisho. Umesema mikono ilimtetemeka. Binti yangu naye alinionyesha kundi la kuchekesha, na nyuma yake kulikuwa na akaunti ya pili. Tazama kama bado anafurahia vitu alivyovipenda, kama anakula, kama anataja kujidhuru au kuwa mzigo. Mtoto mwenye sonona anaweza kukimbilia simu, na sisi tukaitibu simu tukamwacha yeye. Nilipotaja kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, shangazi yake aliuliza kama nataka kumfungia Mirembe, kana kwamba hospitali ya Dodoma ndiyo mlango pekee. Tulianza na simu ya watoto namba 116, haina malipo, wakatuelekeza pa kwenda. Ushungi wa chumbani ameuvua mwezi uliopita. Nywele zimekua.

#25 Mwalimu Mstaafu
Mchicha je, BabaWawili? Bado anaumwagilia?

#26 BabaWawili
Mwalimu, mchicha ulikauka wiki ya tatu, na sikuwa nimeliwaza hilo mpaka ulipouliza.

#27 Mpitanjia
Samahani mkuu, na wewe uzi huu umeuanzisha saa ngapi? Nimetazama muda wa kila posti yako, na hakuna hata moja iliyo kabla ya saa sita usiku.

#28 BabaWawili
Umenikamata. Bando la usiku nanunua na mimi.

Niwape taarifa fupi. Tumekubaliana simu zote, yake na zetu, zilale sebuleni kwenye kikapu cha mama yake cha ufumaji, kuanzia saa tatu na nusu. Kundi amelihamishia Jumamosi jioni. Nimechanga bando kwa watoto sita ambao wazazi wao ninawafahamu, na mzazi mmoja ameniuliza kama nagombea udiwani. Usiku wa kwanza sikupata usingizi kabisa. Saa nane niliamka kwenda kuitazama yangu mara moja tu, nikamkuta mtoto amekaa kwenye zulia gizani karibu na kikapu, hajagusa kitu. Tulikaa wote pale kama nusu saa. Aliniambia kwamba anaogopa bweni. Matokeo ya kupangiwa shule ameyaona kabla yangu, kwenye kundi, na hakujua aniambieje.

#29 Muuguzi wa Zamu
Ni shule ya wapi?

#30 BabaWawili
Mbali. Safari ni ya siku nzima kwa basi, na simu haziruhusiwi.